Mimea ya ndani inayoning'inia

Mimea ya ndani inayoning'inia ni mimea ya mapambo ambayo mashina yake hayasimami yenyewe, bali hutambaa, hupanda au hushuka kutoka kwenye chungu kilichotundikwa au kuwekwa mahali pa juu. Mingi kati yake hutoka katika misitu ya tropiki, ambako huota juu ya matawi ya miti, katika nyufa za miamba au chini ya kivuli cha miti mikubwa. Baadhi hupatikana kwa urahisi kwa wauza maua, na mingine ni adimu.

Mimea hii huchukuliwa mara nyingi kuwa maua ya kigeni, lakini kadhaa ni ya Afrika, na michache ni ya Tanzania yenyewe. Makala hii inaeleza spishi hizo na namna ya kuzitunza, hasa katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani wilaya za Kasulu na Kibondo. Majira, mwinuko na mwendo wa jua wa huko hutofautiana sana na yale ya nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako maelekezo mengi ya kutunza mimea ya ndani huandikwa.

## Namna ya kukua

Kwa jinsi inavyokua, mimea hii inaweza kugawanywa katika makundi matatu:

- Epifiti ni mimea inayoota juu ya miti bila kuinyonya. Mizizi yake hushika gome na kupata chakula kutoka kwenye majani yaliyooza, vumbi na maji ya mvua. Epifiti si vimelea kama milimbo, ambayo huingiza mizizi ndani ya tawi na kunyonya utomvu wa mti.
- Mimea ya miamba huota katika nyufa zenye udongo kidogo, mara nyingi karibu na vijito au maporomoko ya maji. Mashina yake hushuka juu ya uso wa jiwe.
- Mimea inayopanda huanza ardhini na kupanda mti kwa mizizi ya hewani au kwa kujizungusha. Ikipandwa kwenye chungu bila nguzo, hushuka chini badala ya kupanda.

Tofauti hii ndiyo msingi wa utunzaji. Mizizi ya epifiti imezoea kuloa kwa muda mfupi kisha kupata hewa, hivyo udongo mzito wa shambani huiozesha. Mmea unaopanda huvumilia udongo wa kawaida zaidi. Ule wa miamba huhitaji unyevu wa kudumu lakini kidogo.

## Maana ya uadimu

Neno "adimu" hutumika kwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni uadimu wa asili: spishi huishi katika eneo dogo tu, kwa mfano bonde moja la mlima, na msitu huo ukikatwa spishi yote hupotea. La pili ni uadimu wa biashara: spishi yenyewe ni ya kawaida, lakini aina fulani ya rangi au umbo haipatikani kwa wingi.

Mfano wa uadimu wa biashara ni mimea yenye mabaka meupe, ya manjano au ya waridi kwenye majani. Mara nyingi mabaka hayo hutokana na badiliko katika baadhi ya seli, ambazo hukosa klorofili. Kwa kuwa sehemu nyeupe haifanyi usanisinuru, mmea huo hukua polepole na huhitaji mwanga zaidi kuliko ndugu zake wa kijani. Tawi linaloota likiwa la kijani kitupu hukatwa, kwa sababu hukua haraka na kuufunika mmea wote. Bei ya aina hizi hupanda na kushuka kwa mtindo, na aina inayouzwa ghali leo inaweza kuwa rahisi baada ya miaka michache vitalu vinapoizalisha kwa wingi.

Uadimu wa asili haurekebishwi na soko. Mmea uliong'olewa katika makao yake ya mwisho haurudi.

## Spishi za Afrika

### Rhipsalis baccifera

*Rhipsalis baccifera* ni mmea wa familia Cactaceae, ambayo pia ina mpungate. Karibu spishi zote za familia hii zina asili ya mabara ya Amerika. Mipungate inayoonekana Afrika ililetwa na watu. *R. baccifera* ndiyo spishi pekee ya familia hiyo inayopatikana kiasili nje ya Amerika: huota katika Afrika ya tropiki, ikiwemo Tanzania, na vilevile Madagaska, visiwa vya Bahari ya Hindi na Sri Lanka. Namna ilivyovuka bahari bado inajadiliwa na wataalamu. Maelezo yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mbegu zake, ambazo zimezungukwa na utomvu unaonata, zilibebwa na ndege. Wengine wamependekeza kwamba mabaharia walisafiri na mmea huo.

Mmea hauna majani ya kawaida. Mashina yake ni membamba kama kamba, ya kijani, na hugawanyika mara kwa mara huku yakishuka mita kadhaa kutoka kwenye tawi la mti. Maua ni madogo na meupe. Matunda ni meupe au ya waridi, mviringo, yenye ukubwa wa punje ya pilipili manga au zaidi kidogo. Tofauti na mpungate, hauishi jangwani bali katika misitu yenye unyevu, hasa kandokando ya mito na maziwa. Kwa sababu hiyo haupendi jua kali wala ukavu wa muda mrefu.

Mmea huu huweza kudhaniwa kuwa mnyaa (*Euphorbia tirucalli*, pia huitwa manyara), unaopandwa kama ua wa boma katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Njia rahisi ya kuitofautisha ni utomvu: mnyaa ukikatwa hutoa maziwa meupe yanayounguza ngozi na kuweza kudhuru macho vibaya, ilhali *Rhipsalis* haina maziwa. Mnyaa pia husimama kama kichaka au mti, na hauning'inii.

### Saintpaulia

*Saintpaulia* ni kundi la mimea midogo yenye majani ya manyoya na maua ya buluu au zambarau. Asili yake ni milima ya mashariki ya Tanzania, kama vile Usambara, Nguru na Uluguru, pamoja na maeneo machache ya kusini-mashariki mwa Kenya. Wajerumani huuita *Usambaraveilchen*, yaani urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani huko Tanga, alituma mimea hiyo kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina *Saintpaulia ionantha*. Baadaye ukawa mmoja wa mimea ya ndani inayouzwa zaidi duniani. Uchunguzi wa ukoo uliochapishwa mwaka 2015 uliuweka katika jenasi *Streptocarpus*, lakini jina la zamani bado linatumika sana.

Aina nyingi zinazouzwa hukua kama duara la majani lililokaa juu ya udongo. Hata hivyo baadhi ya aina za porini zina mashina marefu yanayotambaa juu ya miamba yenye kivuli. Mojawapo ni *S. grotei* ya Usambara ya Mashariki, ambayo siku hizi huhesabiwa kuwa nususpishi ya *Streptocarpus ionanthus*. Aina za bustani zinazoning'inia zilipatikana kwa kuchanganya aina hizo za porini na zile za duara.

Hapa pana kinyume cha mambo. Mmea unaopatikana katika nyumba nyingi za mbali uko hatarini kwao, kwa kuwa mimea ya porini imebaki katika vipande vidogo vya msitu ambavyo hupungua kwa kilimo, ukataji wa miti na moto. Mti wa juu ukikatwa, jua hufika kwenye mwamba na mimea yote ya hapo hukauka. Sehemu ya makao yake inalindwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997.

### Ceropegia

Jenasi *Ceropegia* ina spishi nyingi Afrika, Asia na Arabia, na Tanzania ina spishi kadhaa. Nyingi zina viazi au mizizi minene ardhini, ambayo huuwezesha mmea kuishi wakati wa kiangazi na baada ya moto wa msituni. Ua lina umbo la taa au mwavuli mdogo lenye shingo nyembamba. Vijinzi vidogo huingia kwa kuvutwa na harufu, hunaswa na vinyweleo vinavyoelekea ndani, kisha huachiwa vinyweleo vinaponyauka, vikiwa vimebeba chavua.

Spishi inayofugwa zaidi ndani ya nyumba ni *Ceropegia woodii*, yenye majani madogo ya umbo la moyo na mashina membamba kama uzi. Asili yake ni kusini mwa Afrika. John Medley Wood aliikusanya huko Natal mwaka 1881, ikiwa inaning'inia juu ya miamba. Kwenye mashina yake huota viazi vidogo mfano wa shanga, na kila kimoja kinaweza kutoa mmea mpya.

### Nyingine

- *Chlorophytum comosum* ina majani marefu membamba, mara nyingi yenye mstari mweupe, na hutoa vikonyo vinavyoning'iniza miche midogo hewani. Ni ya Afrika, huvumilia makosa mengi, na hufaa kwa anayeanza.
- *Peperomia tetraphylla* ni epifiti ndogo yenye majani manene yaliyopangwa manne manne kuzunguka shina. Huota katika misitu ya tropiki ya mabara kadhaa, ikiwemo Afrika.
- *Curio rowleyanus* ya Afrika Kusini, iliyojulikana awali kama *Senecio rowleyanus*, ina majani ya mviringo kama punje za njegere. Huhifadhi maji katika majani hayo na huoza haraka ikimwagiliwa kupita kiasi.

## Spishi za kigeni

*Epipremnum aureum* ndiyo inayoonekana zaidi katika ofisi, hoteli na sebule za miji ya Tanzania. Wauza maua huiita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya "mmea wa pesa". Asili yake ni kisiwa cha Moorea katika Pasifiki. Huishi katika mwanga hafifu na hata katika chupa ya maji. Spishi za *Philodendron* kutoka Amerika ya tropiki hutunzwa vivyo hivyo.

Jenasi *Hoya* ya Asia na Pasifiki ina majani magumu na vishada vya maua yanayong'aa kama nta. Robert Brown aliipa jina hilo mwaka 1810 kwa heshima ya mtunza bustani Thomas Hoy. Kikonyo cha ua la *Hoya* hakikatwi baada ya maua kupukutika, kwa sababu maua ya msimu unaofuata hutokea palepale.

## Mazingira ya Kasulu na Kibondo

Kasulu na Kibondo ziko katika nyanda za juu zinazoinuka kaskazini-mashariki mwa Ziwa Tanganyika, kati ya nyuzi 3 na 5 hivi kusini mwa ikweta. Sehemu kubwa iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Uoto wa asili ni hasa miombo, pamoja na misitu myembamba ya kandokando ya mito. Mvua huwa na msimu mmoja mrefu, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na kwa mwaka hufikia takriban milimita 1,000. Kiangazi hudumu kuanzia Juni hadi Septemba. Wakati huo usiku ni baridi, hewa ni kavu, upepo hubeba vumbi jekundu, na moshi wa mioto ya nyika huonekana mara kwa mara.

Mambo matatu ya mazingira haya hubadilisha maelekezo ya kawaida ya vitabu.

Kwanza, urefu wa mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Katika nchi za kaskazini mmea wa ndani hupumzika majira ya baridi kwa sababu ya uhaba wa mwanga. Kasulu na Kibondo mwanga haupungui hivyo. Mmea hupumzika wakati wa kiangazi kwa sababu ya ukavu na baridi ya usiku. Maelekezo ya "kupunguza maji Desemba" yakifuatwa huko huunyima mmea maji katikati ya msimu wake wa kukua.

Pili, upande wa jua hubadilika. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Dirisha la kaskazini lenye kivuli Januari hupigwa na jua Juni. Kwa hiyo chungu kilichokaa vizuri katika masika kinaweza kuungua katika kiangazi bila kusogezwa.

Tatu, nyumba nyingi zina paa la bati, na baadhi hazina dari. Mchana joto hujikusanya juu, ndipo vyungu vinapotundikwa, na usiku baridi hushuka haraka. Chungu kilichotundikwa karibu na bati hukauka upesi kuliko kilicho juu ya meza.

## Utunzaji

### Mwanga

Mimea mingi ya kundi hili hupenda mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja, kama ule ulio chini ya mti wenye majani. Dirisha la mashariki hufaa zaidi, kwa kuwa jua la asubuhi si kali. Dirisha la magharibi huhitaji pazia jepesi. Baraza lenye paa ni mahali pazuri kwa *Rhipsalis*, *Hoya* na *Chlorophytum* ikiwa mbuzi na kuku hawafiki. *Saintpaulia* hufaa ndani, hatua moja au mbili kutoka dirishani.

Mmea unaokosa mwanga hurefusha mashina, majani hutengana mbalimbali, na mabaka hufifia. Mmea unaoungua huonyesha madoa makavu ya kahawia upande unaoelekea jua, au hugeuka rangi ya manjano iliyopauka.

### Maji

Maji mengi kupita kiasi huua mimea ya ndani kuliko ukosefu wa maji. Kipimo cha kuaminika si siku za wiki bali udongo: kidole huingizwa hadi kifundo cha pili, na maji humwagwa kulingana na hali iliyoonekana.

- *Rhipsalis*, *Hoya* na *Epipremnum* humwagiliwa sehemu ya juu ya udongo inapokauka.
- *Ceropegia* na *Curio* huachwa zikauke karibu kabisa.
- *Saintpaulia* huwekwa katika unyevu mdogo wa kudumu. Maji baridi yakidondokea majani yake huacha madoa meupe, hivyo chungu huwekwa ndani ya sahani yenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kisha maji yaliyobaki humwagwa.

Maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye bati ni mazuri, hasa baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi. Maji ya bomba yenye klorini huachwa katika ndoo wazi usiku kucha. Maji ya chumvi hayafai. Katika kiangazi hewa kavu husababisha ncha za majani kukauka. Kuweka vyungu pamoja husaidia kutunza unyevu, na majani laini hupanguswa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Majani ya *Saintpaulia* yenye manyoya husafishwa kwa brashi laini kavu.

### Udongo na vyombo

Udongo mwekundu wa Kasulu na Kibondo hushikana ukilowa na kuwa mgumu ukikauka, hivyo hautumiki peke yake. Mchanganyiko unaofaa epifiti unaweza kutengenezwa kwa vitu vya karibu: sehemu moja ya udongo wa msituni au mboji iliyooza vizuri, sehemu moja ya vipande vya mkaa, na sehemu moja ya makapi ya kahawa au pumba za mpunga zilizokaa muda na kuanza kuoza. Makapi mabichi hayafai, kwa sababu yanapooza hutumia nitrojeni ya mmea. Kwa *Ceropegia* na *Curio* mchanga wa mtoni uliooshwa huongezwa hadi nusu ya mchanganyiko.

Mfano wa asili wa mchanganyiko huu huonekana kwenye shina la mchikichi mzee. Katika vikonyo vya makuti yaliyokatwa hukusanyika nyuzi, majani makavu na vumbi, na hapo kangaga na epifiti nyingine huota bila udongo wa ardhini. Kipande cha gome au kigogo chenye nyuzi kama hizo kinaweza kutundikwa ukutani na kupandwa *Rhipsalis* au *Peperomia* moja kwa moja.

Chombo chochote hufaa mradi kina matundu ya kutolea maji: chungu cha udongo, kopo la rangi lililosafishwa, ndoo au dumu la mafuta lililokatwa. Chungu cha udongo hupumua na hukauka upesi. Plastiki hutunza maji, jambo linalofaa kiangazi lakini ni hatari masika. Uzito wa chungu kilicholowa huzingatiwa kabla ya kukitundika, na kamba hufungwa kwenye boriti, si kwenye bati.

### Mbolea

Mbolea hutolewa wakati mmea unakua, yaani kuanzia mwanzo wa mvua hadi Aprili. Mboji kidogo juu ya udongo hutosha mimea mingi. Mbolea ya dukani yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu huchanganywa na maji mengi kuliko kipimo cha shambani, na haimwagwi kwenye udongo mkavu. Urea huunguza mizizi ya epifiti kwa urahisi. Majivu mengi hayafai kwa *Saintpaulia* na *Rhipsalis*, ambazo hupenda udongo wenye uchachu kidogo.

## Uenezaji

Karibu mimea yote ya kundi hili huzalishwa kwa vipandikizi, na hii ndiyo njia ya kupata mmea adimu bila kuugusa msitu. Mwanzo wa mvua ndio wakati bora.

- *Rhipsalis*: pingili ya sentimita 10 hivi hukatwa, huachwa kivulini siku moja hadi tatu ili kidonda kikauke, kisha hupandwa kwa kina kidogo.
- *Epipremnum* na *Philodendron*: kipandikizi lazima kiwe na kifundo kimoja au zaidi, kwa kuwa mizizi hutoka hapo. Jani peke yake linaweza kukaa miezi mingi katika maji bila kutoa chipukizi.
- *Saintpaulia*: jani lenye kikonyo cha sentimita 2 hadi 3 huchomekwa katika mchanganyiko mwepesi na kufunikwa kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga. Mizizi hutoka katika wiki chache, na miche baada ya miezi miwili au mitatu.
- *Ceropegia woodii*: kiazi kidogo cha kwenye shina hulazwa juu ya udongo kikiwa bado kimeungana na mmea mama, kisha hutenganishwa kikishika mizizi.
- *Chlorophytum*: mche mdogo huwekwa juu ya udongo wa kopo la pembeni na kukatwa ukishajishika.

Kisu husafishwa kwa moto au spiriti kati ya mmea na mmea. Wakulima wa muhogo wa Kigoma wanalijua jambo hili kwa uchungu: batobato na michirizi ya kahawia huenea kwa pingili zilizotoka kwenye shamba lenye ugonjwa. Virusi vya mimea ya mapambo huenea kwa njia hiyohiyo.

## Wadudu na magonjwa

Vidung'ata huonekana kama pamba nyeupe kwenye vifundo vya majani na mizizi. Vidugamba hufanana na magamba madogo ya kahawia yaliyoshikamana na shina. Wote hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu yanayovutia sisimizi, hivyo msururu wa sisimizi kwenye chungu ni dalili ya kwanza. Utitiri mwekundu hushambulia zaidi kiangazi na kuacha nukta za manjano na utando mwembamba chini ya majani.

Tiba ya kwanza ni kutenga mmea, kuondoa wadudu kwa pamba yenye spiriti, na kunyunyiza maji yenye sabuni kidogo kila wiki hadi waishe. Dawa za mahindi, pamba au tumbaku hazitumiki ndani ya nyumba, kwa kuwa mvuke wake huwadhuru wanaolala humo.

Kuoza kwa mizizi hutambulika shina linapolainika na kuwa jeusi kuanzia chini. Mmea uliofikia hapo hauponi kwa kuongezewa maji, ingawa huonekana umenyauka. Sehemu nzima ya juu hukatwa na kuanzishwa upya kama kipandikizi.

## Usalama wa nyumbani

*Epipremnum*, *Philodendron* na jamaa zao ni wa familia moja na magimbi (Araceae). Kama gimbi bichi linavyowasha, ndivyo mimea hii inavyowasha kinywa na koo kwa sababu ya fuwele ndogo za oksalati ya kalisi. Magimbi hupikwa kabla ya kuliwa, lakini mimea hii haipaswi kuliwa kabisa. Mashina yanayoning'inia huvutia watoto wadogo na wanyama, hivyo hutundikwa wasipofika. *Curio rowleyanus* nayo ina sumu. *Saintpaulia*, *Peperomia*, *Hoya* na *Chlorophytum* huhesabiwa kuwa salama zaidi, ingawa utomvu mweupe wa *Hoya* unaweza kuwasha ngozi.

Maji yanayosimama katika sahani za vyungu humwagwa mara kwa mara, kwa sababu mbu wa jenasi *Aedes*, wanaoeneza dengi, huzaliana katika vyombo vidogo vya namna hiyo.

## Hifadhi na sheria

Kung'oa epifiti na mimea ya miamba porini ni chanzo kimoja cha kupungua kwake. Mmea uliochukuliwa juu ya mti mara nyingi hufa katika miezi ya kwanza, kwa kuwa mizizi yake huvunjika na mazingira hubadilika ghafla. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa wingi kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda kinacholiwa Zambia. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, inalinda sehemu ya okidi hizo. Okidi zote na karibu mimea yote ya familia Cactaceae, ikiwemo *Rhipsalis*, imo katika viambatisho vya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini. Kuivusha mpaka huhitaji kibali.

Mimea inayoingizwa nchini, hata kipandikizi kimoja, iko chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kwa wilaya zinazopakana na Burundi jambo hili lina uzito, kwa kuwa watu na bidhaa huvuka kila siku na wadudu wa migomba au muhogo wanaweza kusafiri katika udongo wa chungu cha maua.

Hatari ipo pia kwa upande mwingine. Gugu maji, lililosumbua Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lilisambazwa duniani kutoka Amerika ya Kusini kama ua la mapambo. *Epipremnum aureum* nayo imekuwa gugu katika misitu ya nchi kadhaa za tropiki. Vijito vingi vya Kasulu na Kibondo humwagika katika mto Malagarasi, ambao ardhi oevu yake, Malagarasi-Muyovozi, ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Kwa hiyo mashina yaliyokatwa hayatupwi mtoni wala kwenye korongo. Hukaushwa juani hadi yafe kabisa, kisha hutiwa katika shimo la mboji.

## Tazama pia

- Epifiti
- Mpungate
- Okidi
- Miombo
- Mkoa wa Kigoma
- Mto Malagarasi